Nyumba kumi na moja, sufuria kumi na moja: sisi tupeleke nini Bombo?

Binti wa Kambi (Jinja)

Wapendwa, shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Tarehe 27 Desemba ukoo wa baba yangu unakutana Bombo, nyumbani kwa baba mkubwa. Ni nyumba kumi na moja, watu kama tisini ukihesabu na watoto. Utaratibu wetu ni ule ule wa kila mwaka: mwenyeji anapika matoke, wali na posho (ugali), halafu kila nyumba inakuja na sufuria yake.

Mwaka jana hatukupanga. Nyumba tano zilileta pilau, na yetu ilikuwa mojawapo. Niliipika usiku, nikaifunika ingali inafuka, nikaizungushia blanketi ili ifike na joto. Foleni ya Mukono ilitushika kwa muda wa karibu saa tatu, na Kawempe tukasimama tena. Nilipofunua kule Bombo, nyama ya juu ilikuwa inang'aa vizuri kabisa. Nikachota chini: wali unavuta utelezi, na harufu ya uchachu ikanipanda puani. Niliimwaga sufuria nzima nyuma ya nyumba, wifi yangu akisimama pembeni ili mtu asipite.

Lakini linaloniuma zaidi si hilo. Haboba, mama yake baba, ana miaka 88, ana sukari, na meno yamebaki machache. Alikaa kwenye mkeka wake siku nzima akiletewa pilau, kisha pilau, kisha sambusa, kisha nyama ya kuchoma. Alikula kipande cha papai na chai ya rangi. Watu tisini wanasherehekea uzao wake, yeye analala na njaa.

Ili mjue mnamshauri nani: baba ni Mnubi wa Bombo, Muislamu. Marehemu mama alikuwa Mgisu wa Bududa. Mume wangu ni Muganda, ukoo wa Butiko. Nina mashemeji wa Arua na wa Lira. Mezani tunasema Kiswahili kwa sababu babu alikuwa askari na watoto wake walizaliwa kambi tofauti, kila mmoja na lugha ya jirani zake.

Nataka chakula kitakachostahimili kilomita mia na zaidi, kitakacholiwa na wengi, na Haboba akile. Nisaidieni.

Jikoni Masaka

Dada, peleka luwombo ya kuku na mjadala uishe. Ndicho chakula cha heshima chetu. Simulizi za Buganda zinasema kilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887, na mpaka leo mgeni ukimfungulia jani lake mbele yake anajua amethaminiwa.

Siri iko kwenye jani. Chukua jani changa la mgomba lisilopasuka, lipitishe juu ya moto mpaka lilegee na kubadilika rangi. Geuza upande wa nyuma, ukwangue ule uti wa kati kwa kisu mpaka ulale sawa na jani lenyewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu: kisu kikitoboa, mchuzi wote unaishia chini ya sufuria na nyama inabaki kavu. Kuku umbanike kwanza juu ya makaa apate moshi. Panga jani ndani ya bakuli, tia vipande, karanga za kusaga, nyanya, kitunguu, na uyoga mkavu unaotoa ile harufu. Kusanya ncha, funga kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria panga vikonyo vya majani, maji kidogo, funika, acha mvuke ufanye kazi saa tatu au nne bila haraka.

Fungu moja, mtu mmoja. Hakuna kugombania paja.

Shemeji wa Nkima

Mkuu wa Masaka, umesoma ukoo wa mume wake kabla hujashauri uyoga? Ni Butiko! Uyoga ndio muziro wake, yaani kitu ambacho ukoo wake haukili. Umwekee mtu muziro wake kwenye sahani mbele ya wakwe zake, halafu umwambie ni chakula cha heshima?

Na si yeye peke yake. Sisi hatuoi ndani ya ukoo wetu, kwa hiyo kila nyumba ya Kiganda ina miziro miwili ndani yake, wa baba na wa mama. Kuna watu wa Nseenene ambao hawagusi senene hata Novemba mji mzima unapokaanga. Kuna watu wa Mmamba na kambare mamba wao. Mtu akikuambia asante nimeshiba kabla hajaonja, usimlazimishe, pengine anakusitiri.

Jikoni Masaka

Kweli, hilo lilinipita. Naomba radhi kwa mume wa dada yetu. Basi luwombo bila uyoga, inawezekana kabisa.

Muuguzi wa Mbale

Pole sana kwa ile pilau, mpendwa. Nieleze kilichotokea, kwa sababu kila Desemba tunapokea familia nzima wanaotapika, na mara nyingi ni wali.

Kwenye mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Blanketi lako lilifanya kazi ya kulea: halikuweza kuuweka wali kwenye moto wa kutosha, wala halikuuacha upoe. Ulifanya vyema kumwaga, na usiwahi kujuta.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kikiwekwa moto kiwe juu ya nyuzi 60. Kwa safari za kwetu maana yake ni hii: ama unacho chombo kinachoshika moto kweli, na unakifungua ukifika tu, ama unakipoza haraka kwenye sinia pana, kinalala kwenye friji, kinasafiri na barafu na kinachemshwa upya mpaka kitokote. Au, na hii ndiyo naipenda, unasafiri na vitu vikavu na unamalizia kupika huko huko.

Kuhusu Haboba: mboga laini, posho kiasi cha ngumi yake, na soda ikae mbali.

Mzee wa Mubende Barracks

Binti yangu, marahaba. Nimekulia kambini kama baba yako, na hizi karamu za mchanganyiko nazijua.

Neno la kwanza: kabla hujanunua kuku, mpigie simu mwenyeji umuulize nani anachinja. Nyumba ya Kinubi haitakula nyama usiyoweza kueleza imechinjwa na nani, na haitakuuliza mbele za watu, wataipita tu. Kama katika zile nyumba kumi na moja kuna inayopika nguruwe, basi vyombo vyao na miiko yao ikae meza yake. Nimeona undugu unatikisika kwa sababu ya mwiko mmoja uliohamishwa sufuria.

Neno la pili: Wanubi wa Bombo mababu zao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, na kapteni Mwingereza Lugard akawaleta huku mwaka 1891. Mlo wao ni wa sinia, watu sita au saba mnazunguka, kawa ikifunuliwa kila mkono unaingia. Sasa fikiria. Luwombo ni ya mtu mmoja mmoja, kosa likiwemo linamhusu mmoja. Kwenye sinia, kitu kimoja ambacho mmoja hawezi kukila kinaifunga sinia yote kwake, naye anabaki kumega pembeni.

Ndiyo maana nasema: mboga. Mezani pa watu wa dini mbili na makabila matano, sufuria isiyo na nyama ndiyo inayofika kwa kila mtu.

Dereva wa Tirinyi

Mzee, kwa heshima zote, mboga? Mtu atoke Jinja na watoto wote wale, ashuke garini na sufuria ya majani? Kwa wakwe? Watasema maisha yamemshinda. Sikukuu ni nyama.

Mzee wa Mubende Barracks

Kijana, mwenyeji anachinja ng'ombe. Soma vizuri, nyumba tano zilileta pilau ya nyama na bibi akalala na njaa. Nyama haikukosekana pale.

Mtoto wa Gulu

Kama ni mboga basi malakwang, sina mpinzani. Majani yake yana uchachu wake, unayachemsha, unachuja ule ukali wa kwanza, kisha unakoroga na odii, ile karanga na simsim iliyosagwa pamoja mpaka inateleza kama siagi. Kwa viazi vitamu, mtu anasahau kama kuna ng'ombe alichinjwa. Shemeji zako wa Lira watakubeba mabegani. Haboba hahitaji hata jino moja.

Au boo kavu, yale majani ya kunde, na odii. Au waambie wa Arua walete angara, yule samaki mkavu, wampike kwa simsim. Yeye pia anasafiri vizuri, ila harufu yake ndani ya taksi, abiria wote watakujua.

Binti wa Kambi (Jinja)

Nimesoma yote, asanteni. Mzee wangu, maneno ya sinia yameniingia. Nimempigia baba mkubwa, nyama ni yake na anayechinja ni imamu wa mtaa, kwa hiyo nyama naiacha.

Sasa niseme kitu ambacho nimekuwa nikikizunguka. Juu ya kabati langu la jikoni kuna fungu la malewa ya mianzi. Mama mdogo alinitumia kutoka Bududa mwezi wa tisa, limefungwa kwa ganda la mgomba, limekauka mpaka linagonga kama kuni. Mama ndiye aliyekuwa anapeleka malewa Bombo kila mwaka. Tangu afariki 2019, hakuna aliyewahi kuyapeleka tena, na mimi sijawahi kuyapika peke yangu. Nilikuwa namshikia tu sufuria.

Naogopa mambo mawili. Nikiharibu, nimeharibu chakula cha mama mbele ya watu waliokila kwa mkono wake. Na watoto wa siku hizi wanasema yananuka moshi.

Nyanya wa Mlimani

Mwanangu, yapike. Mimi niko huku chini ya Mlima Masaba (Elgon) na nimepika malewa kabla hujazaliwa. Kaa nikuelekeze, na uandike.

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakatwa yangali machanga, yanakaushwa juu ya moshi ili yasioze. Kwa hiyo moshi ni wake, huwezi kuutoa wote, na ukiutoa wote umebakiwa na uzi usio na ladha. Kazi yako ni kuupunguza ubaki kidogo nyuma ya ulimi.

Siku mbili kabla, loweka kwenye maji ya vuguvugu. Maji yatageuka kahawia kama chai. Mwaga, osha, loweka tena. Kesho yake yachemshe mpaka yalainike, na usipime kwa saa, pima kwa ukucha: bonyeza mahali penye fundo, ukucha ukizama, yameiva. Sehemu zinazokataa ukucha zikate utupe, usizionee huruma, hizo ndizo zinazomfanya mtu aseme malewa ni kuni. Kisha katakata vidogo sana, hasa kwa ajili ya bibi, vidogo kama punje za mahindi. Chemsha tena na magadi kidogo, ncha ya kijiko tu. Ukizidisha unapata ladha ya sabuni.

Karanga usinunue zilizosagwa tayari. Nunua nzima, uchambue wewe mwenyewe kwenye ungo. Yenye kuvu, iliyosinyaa, yenye doa jeusi, tupa, sumukuvu haifi kwa kupikwa. Kaanga mpaka ganda linavuliwa na kidole, pepeta, twanga au saga.

Sasa safari. Malewa yaliyochemka yakamue, yapoze, yalale kwenye friji na yasafiri na barafu. Karanga zisafiri kavu kwenye kopo. Ukifika Bombo omba sigiri moja, weka malewa na maji, yakitokota koroga karanga pembeni na maji baridi kwanza ndipo umimine. Ukimimina unga wake mkavu kwenye maji moto unapata madonge. Baada ya hapo usitoke. Koroga. Karanga ikishika chini mara moja tu, sufuria yote inanuka. Nusu saa, moto mdogo, mpaka mafuta yaanze kuonekana juu kama macho madogo madogo. Chumvi mwisho.

Nyanya usiweke. Watu wa mjini wanaweka, najua.

Muuguzi wa Mbale

Nyanya amemaliza. Nyongeza moja: uliza kama kuna mtoto anayedhurika na karanga. Kama yupo, mtolee malewa yake kabla hujatia karanga, kwa kijisufuria na mwiko wake.

Binti wa Kambi (Jinja)

Yupo! Mtoto wa kaka, ana miaka sita. Nilikuwa nimeshasahau. Asante sana dada.

Mwanafunzi wa Kikoni

Samahanini kuingilia. Mimi pia tuna mkutano wa ukoo Mityana, nina Sh 20,000 na jiko la sahani moja. Nikienda mikono mitupu naona aibu.

Shemeji wa Nkima

Ndugu, usipike kabisa. Nunua nyanya, vitunguu, ndimu na dania, nenda na kisu chako kikali, ukifika uombe sinia na ukae ukate kachumbari ya watu wote. Kachumbari ya safarini inaachia maji, inayokatwa pale pale ndiyo inayogombaniwa. Na wakati unakata, mashangazi watakaa karibu yako na utapata habari zote za ukoo.

Mwanafunzi wa Kikoni

Mungu akubariki.

Dereva wa Tirinyi

Mleta uzi, mimi bado niko upande wa nyama, lakini naomba mrejesho. Nataka kujua wakwe walisema nini.

Binti wa Kambi (Jinja)

MREJESHO, 29 Desemba.

Tulitoka Jinja saa kumi na moja alfajiri. Watoto walitaka tusimame Namawojolo, nikakataa, kwa sababu wakishashika kuku wa kijitini na gonja (ndizi za kuchoma) pale, wanafika kwa babu yao wameshiba. Saa tatu na robo tulikuwa Bombo.

Baba mkubwa alinipa sigiri chini ya mwembe, mbali kidogo na masufuria makubwa. Nikaanza kama Nyanya alivyosema, karanga kwa maji baridi kwanza. Mkono ulikuwa unatetemeka. Wifi zangu wawili walikuja wakasimama, mmoja akachukua mwiko akakoroga nilipokwenda kumtolea mtoto wa kaka ya kwake. Moshi ule wa malewa ulipoanza kuchanganyika na karanga, shangazi yangu mkubwa akatoka jikoni, akasimama mlangoni, akasema jina la mama. Hakusema kingine. Akarudi ndani.

Nilikosea kitu kimoja. Vipande vingine sikuvikata vidogo vya kutosha, vilikuwa virefu kama nusu kidole, nikavitoa kimoja kimoja kwa kijiko kabla ya kumpakulia Haboba.

Nilimpelekea mimi mwenyewe, bakuli la malewa na kipande cha posho. Alinusa kwanza. Akamega, akachovya, akafumba macho akitafuna kwa fizi. Kisha akaniuliza, "Hii ni ya mama yako?" Nikamwambia ni ya kwangu, lakini ni ya mama. Akasema, "Chumvi yake alikuwa anaweka zaidi." Na akamaliza bakuli. Akaomba tena, akamega posho ya pili, nikakumbuka maneno ya muuguzi nikamwongezea malewa tu, akanung'unika.

Dereva, wakwe walisema hivi: mume wangu alikaa kwenye sinia moja na baba zangu, hakuna aliyemuuliza kwa nini hagusi hiki au kile, kwa sababu alikigusa. Shemeji wa Lira alileta malakwang, sikujua kama anasoma humu! Mtoto wa Gulu, viazi vitamu viliisha kabla ya wali. Pilau zilikuwa mbili tu mwaka huu, na zote zilipikwa pale pale.

Kabla hatujaondoka, baba mkubwa alichukua daftari akaandika nyumba zote kumi na moja na kitu ambacho kila moja italeta mwakani. Mbele ya yetu ameandika malewa, akapiga mstari chini mara mbili.

Nyanya wa Mlimani, fungu langu limeisha lote. Mama mdogo anasema ya msimu huu yamekwisha kwao. Wewe ukipita sokoni Mbale ukayaona mazuri, yale yasiyo na mafundo mengi, naomba uniwekee mafungu mawili, nitamtuma mtu wa taksi ayafuate.